Siku Nne Porto: Msalaba Mbele ya Jina

Hapana, Fenna hakupiga yowe.

Najua wapo wasomaji wanaomngojea wiki nzima apige yowe, mlango uvunjwe, watu wamkute amezirai sakafuni. Jamani! Yule mwanamke tulimwacha chooni, nyumbani kwa mama mkwe wake Aleida, siku ya kuzaliwa ya huyo huyo Aleida, na sebuleni wameketi wageni kumi na wanne. Hapa mjini Deventer mgeni hapigi yowe chooni. Hata akifa humo, atakufa kwa adabu.

Alichofanya ni kusogeza uso ukutani na kusoma tena.

Kalenda ya siku za kuzaliwa ilining'inia pale pale ilipo miaka yote, mbele ya macho ya anayekaa, kama ilivyo katika vyoo vyote vya nchi hii. Jina na tarehe, jina na tarehe. Aliyekufa hafutwi. Huwekewa msalaba mdogo kwa kalamu, na mwaka aliokufa pembeni, akabaki hapo pamoja na wenzake.

Mei, tarehe ishirini na saba. Fenna.

Mbele ya jina, msalaba. Pembeni ya msalaba, mwaka huu huu tulio nao.

Alipitisha kidole juu yake na wino ukamfuata kidoleni. Ulikuwa haujakauka.

Leo ni Jumapili. Alhamisi, Sikukuu ya Kupaa, yeye na mumewe Wouter wanapanda ndege kwenda Porto, kule Ureno, siku nne za watu wawili tu, safari yao ya kwanza tangu waoane miaka miwili iliyopita. Na mtu mmoja katika nyumba hii ameshaandika kwamba tarehe ishirini na saba haitamkuta hai.

Akafunua kurasa hadi Septemba. Hapo alikuwapo Jorien, mke wa kwanza wa Wouter. Msalaba, na mwaka: miaka minane iliyopita. Misalaba yote miwili ilikuwa na mguu mrefu uliopinda kidogo kushoto. Aliyeandika wa Jorien ndiye aliyeandika wake, na huo mwandiko Fenna aliujua kutoka kwenye kadi za Krismasi. Ulikuwa wa mama mkwe.

Ngo ngo ngo.

"Humo ndani kuna mtu au kuna kikao?" Ilikuwa sauti ya Mjomba Roelof. "Kama ni kikao mnipe na mimi kiti!"

Fenna akavuta maji ambayo hayakuhitaji kuvutwa, akatoka.

Sebuleni viti vilipangwa duara, kila mtu anamtazama mwenzake magoti kwa magoti, kikombe mkononi, kipande kimoja cha keki kwenye sahani. Simu zote zilikuwa kikapuni mlangoni, kwa amri ya Aleida, maana siku yake hataki mtu aangalie kingine ila yeye. Katikati ya duara, juu ya goti la Wouter, ilikuwapo ratiba.

Wouter ni mhandisi wa matuta ya mto. Kazi yake ni kuhakikisha maji hayafanyi jambo lisilopangwa, na nyumbani kazi hiyo haiachi. Ni mrefu, mpole, ana sauti ya mtu anayesomea watoto hadithi, na ratiba zake husifiwa ukoo mzima.

"Ijumaa, saa tatu na dakika kumi, tunatoka hotelini," alikuwa akiwaeleza. "Saa tatu na nusu, kanisa la vigae vya buluu."

"Na kupiga chafya mmepangiwa saa ngapi?" akadakia Mjomba Roelof, aliyekuwa amebadili mawazo ya kwenda chooni aliposikia keki inazungushwa tena. Watu wakacheka.

"Jumamosi ndiyo kilele," Wouter akaendelea bila kukasirika. Huwa hakasiriki. "Daraja la juu, saa kumi na moja na nusu jioni, jua likiwa mgongoni."

"Huyu wako ataweza?" akauliza jirani mmoja, akimwelekezea Fenna kidevu. "Akipanda kiti kubadilisha taa anashika ukuta!"

"Nitamshika mimi," Wouter akasema, akamtabasamia mkewe.

Jana tu Fenna angeyeyuka kwa maneno hayo. Leo aliweka sahani ya keki chini. Akainuka haraka, akasema anakwenda kusaidia kahawa.

Aleida alikuwa jikoni, amempa mgongo, anamimina kahawa kwenye birika. Ana miaka sabini na minne, mwembamba, na blauzi yake ya sikukuu imefungwa vifungo hadi shingoni.

"Mama," Fenna akanong'ona. "Ni wewe?"

"Rudisha mlango."

Fenna akaurudisha. "Mimi mzima, mama. Niko hai!"

"Naona. Ndivyo nataka ubaki."

"Sasa ule msalaba..."

"Wa Jorien niliuandika baada," Aleida akasema, bado hajageuka. "Wako nimeuandika kabla, ili nisije nikauandika kweli."

Fenna akashika ukingo wa meza. Alitaka kucheka, alitaka kulia, na alimwogopa sana yule bibi kwa dakika ile. "Kwa nini usiniambie tu? Sisi si watu wa kusema mambo waziwazi? Wewe mwenyewe siku ya kwanza uliniambia nywele zangu zinafanana na ufagio!"

"Na zilifanana. Nikuambie wapi, mwanangu? Pale kwenye viti, mbele ya watu kumi na wanne? Kwa simu, wakati kila mmoja wenu hushika simu ya mwenzake? Tangu mwaka jana Wouter hajakuacha nami hata dakika tano, hujaona hilo? Katika nyumba hii kuna mahali pamoja tu ambapo mtu hukaa peke yake, akafunga mlango, akasoma. Nilipokuona unabana magoti, nikakutangulia na kalamu."

"Na mwingine angeingia kabla yangu? Mjomba Roelof alikuwa mlangoni!"

"Roelof hasomi. Hata leo imebidi apigiwe simu aambiwe ni siku yangu."

Kisha akageuka. Macho yalikuwa mekundu.

"Wouter alikuambia Jorien alifia wapi?"

"Austria. Aliteleza mlimani."

"Aliteleza, naam. Ila si mlimani; hivyo ndivyo alivyowaambia watu wote isipokuwa mimi. Ilikuwa Porto, Jumamosi jioni, juu ya lile daraja."

Porto lilikuwa wazo la Wouter. Fenna alitaka mji wa Bruges, wakale viazi vya kukaanga warudi. Wouter ndiye aliyesema Bruges kila mtu ameshakwenda.

"Labda ni bahati mbaya," akasema, na sauti yake mwenyewe ikamtia aibu. "Mama, ni mwanao."

"Ni mwanangu. Nimemzaa, nimemnyonyesha, nimemfundisha kupanga viatu vyake. Miaka minane nimekaa na jambo hili kifuani, nikijiambia nimezeeka, naona mabaya." Akashusha birika. "Jumatatu ya wiki ile Jorien alinipigia simu. Akasema, 'Mama, leo nimemwambia Wouter yote yaliyo moyoni. Nimemwambia nataka kuondoka. Ameyapokea vizuri mno, hata ameng'ang'ania tuende safari yetu tuagane vizuri.' Alikuwa anacheka yule mtoto. Jumamosi akawa maiti."

"Ushahidi uko wapi?"

"Wouter alipoleta sanduku la nguo za Jorien niligawe kwa maskini, yeye hakufikiri kukagua mifuko. Mimi nimefua nguo miaka hamsini, nakagua mifuko. Nyuma ya Desemba. Nenda ka..."

Mlango ukafunguka.

"Kahawa imekwenda kuvunwa?" Wouter akauliza, akichungulia kwa tabasamu. Macho yake yakatoka kwa mama yakaenda kwa mke, yakarudi kwa mama. "Mnateta nini?"

"Nywele zake," akasema Aleida palepale. "Siku hizi afadhali."

Wouter akacheka, akabeba birika. Lakini hakuondoka mpaka Fenna alipotangulia.

Nyuma ya Desemba! Fenna alikaa kwenye kiti chake dakika tano, akahesabu moja moja, akasimama.

"Tena?" Mjomba Roelof akapaza sauti. "Aleida, ile krimu ya keki ni ya lini?"

Duara lote likaangua kicheko. Fenna naye akacheka, maana kucheka ndiko kulikokuwa kumebaki, akaenda akajifungia.

Kwanza aliona kwamba jina lake sasa limefunikwa na doa kubwa la wino, kana kwamba kalamu imevuja. Bibi yule alikuwa mwepesi. Akafunua Desemba. Nyuma yake ilibandikwa karatasi iliyokunjwa mara nne, imekuwa laini kwa uzee. Akaikunjua juu ya magoti.

Porto. Jorien na Wouter. Pembeni juu, kwa herufi ndogo: Toleo la 4. Chini kabisa, tarehe ya kuchapwa, siku ya Jumanne.

Hoteli ilikuwa ile ile. Ijumaa, saa tatu na nusu, kanisa la vigae vya buluu. Fenna alikuwa akisoma safari yake mwenyewe, na jina tu ndilo lililokuwa la mwingine. Akashuka hadi Jumamosi.

Chakula cha mchana, ufukweni mwa mto. Watu 2.

Daraja la juu, saa kumi na moja na nusu. Jua mgongoni.

Chakula cha jioni, saa mbili usiku. Mtu 1.

Jumapili, kifungua kinywa. Mtu 1.

Akasoma tena pale penye moja. Akasoma mara ya tatu. Jorien alianguka Jumamosi, na karatasi hii ilichapwa Jumanne, siku nne kabla.

Wapo wauaji ambao wangeacha meza ya watu wawili, wakaenda kulilia mbele ya kiti kitupu mhudumu awahurumie. Wouter hawezi. Huyu ni mtu ambaye mkialikwa sita kwake, viazi vimemenywa vya sita, na wa saba akipita kusalimia atatazama wenzake wakila. Meza ya wawili ilhali atakuja mmoja? Hilo kwake ni kosa, na kosa husahihishwa.

Fenna aliikunja karatasi, akaitia ndani ya soksi. Alitaka kwenda kwao. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na sita, na alimtaka mama yake.

Saa kumi na moja kamili wageni wakasimama wote pamoja, kama huku wanavyosimama. Wakachukua simu kikapuni, wakaagana. Hapa mtu anabusiwa mara tatu, shavu hili, shavu lile, na hili tena, na Wouter alikuwa amesimama hatua mbili nyuma ameshika makoti.

Aleida alimvuta Fenna karibu.

"Usimwambie," akapumua kwenye shavu la kulia.

"Lolote," kwenye la kushoto.

"Kamwe," kwenye la kulia tena. Kisha kwa sauti kubwa: "Haya, safari njema, mnitumie picha!"

Walirudi kwa baiskeli. Upepo ulikuwa wa mbele, na kwenye daraja la mto IJssel ulizidi. Wouter, kama afanyavyo siku zote, akasogea ubavuni mwake, akaweka mkono mgongoni pake amsukume. Wapenzi wengi mtawaona hivyo huku, na ni jambo la kupendeza kutazama.

Fenna aliusikia mkono ule kila kidole. Kulia kwake palikuwa na chuma cha daraja, na chini ya chuma maji ya kijivu yanakwenda zake kwa kasi.

"Mbona umekakamaa?" Wouter akauliza.

"Upepo."

"Usiogope. Nimekushika."

Akakanyaga pedali kama anayefukuzwa na mbwa. Walipofika nyumbani alitupa baiskeli yake ukutani, akaingia moja kwa moja jikoni. Ratiba ilikuwa kwenye friji, chini ya sumaku. Alikuwa ameipita mara mia wiki hii bila kusoma zaidi ya hapo penye ndege, kwa sababu mwenye mume kama Wouter hasomi ratiba, anafuata tu.

Toleo la 3. Alhamisi. Ijumaa. Kidole kikashuka.

Jumamosi. Daraja la juu. Chakula cha jioni, saa mbili usiku.

Watu 2.

Jumapili, kifungua kinywa. Watu 2.

Fenna alikaa chini pale pale kwenye vigae, mgongo kwenye friji, akalia kimya. Wawili! Angerudi hai. Kumbe ni bibi kizee aliyefiwa na mkwe akaumwa na huzuni hadi akamgeukia mwanawe. Na yeye, mke, ameamini mara moja, amemshuku mtu ambaye kila Jumamosi humpelekea chai kitandani! Alijiona mchafu. Nafsi ilimsuta vibaya.

Hapo ndipo Wouter alipoingia, akamkuta sakafuni.

"Fenna? Una nini?"

"Sina kitu."

"Mtu asiye na kitu hakai kwenye vigae." Akachuchumaa mbele yake, akamshika mikono yote miwili. "Sisi tulikubaliana nini? Linalokera linasemwa. Sema."

Nakuona, msomaji. Nakuona umeinua mkono unamwambia anyamaze. Mashavu yake bado yana yale mabusu matatu. Lakini utafanyaje na mtu aliyelelewa kwamba kuficha neno ndiyo dhambi, na kulisema, hata likiuma, ndiyo uaminifu? Huku wanasema ukweli kama wengine wanavyopiga miayo. Wakishaanza hawawezi kuukata katikati.

Fenna akasema. Alisema msalaba, alisema jikoni, alisema Jorien na Jumatatu yake. Akavua soksi, akaweka karatasi mezani.

Wouter aliisoma akiwa amesimama. Aliisoma yote, kutoka juu hadi tarehe ya chini. Kisha akavua miwani, akakaa, na mabega yake yakaanza kutikisika.

Alikuwa analia. Fenna hakuwahi kumwona akilia.

"Hakuteleza," akasema mwishowe. "Alijirusha, Fenna. Mbele yangu. Nilisema mlima, kwa sababu watu wakisikia mlima wanakupa pole, lakini wakisikia daraja wanakutazama."

"Ee Mungu wangu! Wouter..."

"Na mama amenitazama hivyo miaka minane."

"Lakini hapa penye chakula. Mtu mmoja."

"Jorien alikuwa na rafiki anayeishi Porto. Walipanga kula wao wawili Jumamosi ile, wanawake peke yao. Mimi nikajiwekea meza yangu." Akapangusa uso kwa kitambaa cha vyombo. "Na kwa nini nakupeleka wewe kule? Kwa sababu nimechoka kuogopa mji mzima. Nataka nipande daraja lile nikiwa na wewe, nishukie upande wa pili. Basi. Ni hilo tu. Ni upumbavu?"

Si upumbavu, mpenzi wangu, si upumbavu! Fenna alimkumbatia kichwa, akakibana kifuani, wakalia wote wawili. Woga wote wa mchana ule ulimtoka, na nafasi yake ikaingia huruma hata ikamuuma.

"Mama amekupa hii leo?" Wouter akauliza, uso bado umezama kwenye sweta yake.

"Leo. Ilikuwa nyuma ya Desemba."

"Kuna mwingine ameiona?"

"Hakuna. Yeye na mimi tu."

"Roelof?"

"Roelof hasomi," akasema Fenna, na wote wakacheka katikati ya machozi.

Wouter akaikunja karatasi mara nne, kwa mikunjo yake ile ile ya zamani, akaitia mfuko wa shati. Saa kumi na mbili kamili wakala: supu ya nyanya, mkate, jibini. Alikula vizuri. Alimsifia supu. Kisha akambusu kwenye paji la uso.

"Napanda juu mara moja. Kuna kitu kidogo sijakimalizia."

Ngazi za nyumba zetu huku ni kali, unazipanda karibu kwa mikono na miguu. Fenna alimsikia akipanda, hatua kwa hatua, kisha kiti kikavutwa, kisha ile mibofyo ya kompyuta.

Jua lilikuwa bado kali dirishani. Akajaza sinki, akamimina sabuni, akaosha vikombe huku akiimba chini chini. Alipanga keshokutwa aende kwa Aleida na maua, amwambie taratibu kwamba mtoto wake hana hatia, amwondolee bibi wa watu mzigo ule. Ratiba aliiwaza kwa mapenzi. Ilikuwa kwenye simu zao wote wawili, kama ilivyo orodha ya maziwa na mayai. Mmoja akiigusa, simu ya mwenzake inalia.

Simu yake ikalia.

Ilitetemeka juu ya meza, kati ya ubao wa mkate na jibini. Fenna akafuta kidole kimoja kwenye sweta, akaigusa.

Porto. Fenna na Wouter. Toleo la 4.

Akatabasamu. Bila shaka amemwongezea kitu kizuri, amempunguzia makanisa. Akashuka na kidole. Alhamisi ilikuwa vile vile. Ijumaa vile vile. Jumamosi, chakula cha mchana ufukweni mwa mto, watu 2. Daraja la juu, saa kumi na moja na nusu, jua mgongoni.

Chakula cha jioni, saa mbili usiku.

Mtu 1.

Povu lilimdondoka kiwikoni, tone, tone, likaanguka kwenye kioo cha simu. Akalifuta. Ilikuwa bado moja.

Kumbe asubuhi walikuwa wawili kweli. Adhuhuri walikuwa wawili. Mpaka jioni hii, kabla Fenna hajafungua mdomo, Wouter alikuwa amepanga kurudi naye.

Chini ya Jumapili ulikuwapo mstari mwingine mpya, ambao haukuwa kwenye friji. Jumapili, saa kumi na mbili jioni, baada ya kutua: Kwa mama. Mtu 1.

Juu, mibofyo ikakoma.

Ilikuwa kimya, kimya cha mtu anayesoma kitu kwenye kioo chake na kugundua kwamba mkono umezoea, umefanya kabla ya akili. Kiti kikasukumwa nyuma. Ubao wa juu kabisa wa ngazi ukalia.

"Mpenzi?" Sauti ilikuwa ile ile ya kusomea watoto hadithi. "Simu yako imelia?"

Hapana. Angesema hapana, haijalia, niko na vyombo. Alikuwa ameshafungua mdomo kusema uongo wake wa kwanza katika ndoa ile, macho yalipoteremka hadi mwisho wa ratiba, kwenye maandishi madogo ya kijivu ambayo Wouter naye, huko juu ngazini, alikuwa anayatazama kwenye simu yake.

Imesomwa na Fenna, sasa hivi.